Muulize Anti: Mume wangu ni zimamoto, tangu ile boti izame hataki hata kunusa migebuka

SWALI: Shikamoo anti. Mume wangu ni askari wa Zimamoto na Uokoaji hapa Kigoma, yeye ndo wale wanaopiga mbizi. Kabla ya Ramadhani kuna boti ilizama ziwani, wakakaa kule siku kadhaa wanatoa miili, na mmoja alikuwa mtoto wa umri sawa na huyu wetu wa pili. Tangu hapo sio yeye. Usiku anaamka anahema jasho linamtoka, mtoto akipiga kelele anafoka afu anaenda kukaa peke yake nje, mwaloni Kibirizi hataki kupita, nikipika samaki wa migebuka anaondoka kabisa nyumbani, na pombe ambayo zamani alikuwa anaonja tu kwenye sherehe saivi ni karibu kila siku. Mama mkwe anasema ni wale marehemu wamemfuata tumpeleke akasafishwe, wenzake wanasema atazoea ndo kazi. Mimi nikimwomba aniambie alichoona ananijibu niache. Nifanyeje afunguke? (Mama wawili, Mwandiga)

JIBU: Marhaba mwanangu, pole sana, na yeye pole.

Nianze na hilo la kufunguka maana ndo umeliuliza. Usimlazimishe. Najua unataka kusaidia lakini mtu akibanwa aeleze kitu ambacho hata yeye anakikimbia anazidi kujifungia, na wengine wanarudiwa na lile tukio usiku huohuo. Ambacho anakihitaji kwako saivi sio masimulizi, ni kujua kwamba umeona anaumia na humuoni dhaifu. Mwambie kwa kifupi, mkiwa wawili, asubuhi akiwa hajanywa: "Baba fulani naona tangu ile boti hulali, sikulaumu, nataka twende tukamwone mtu." Afu nyamaza. Akikataa leo, utarudia siku nyingine.

Sasa nikueleze kinachoendelea. Wiki za mwanzo baada ya jambo kama lile mtu kukosa usingizi, kuota vibaya, kushtuka na kulia hovyo ni kawaida kabisa, na kwa wengi hupungua taratibu bila dawa. Madaktari wanaangalia mwezi mmoja. Ukipita mwezi na bado tukio linamrudia, anakwepa kila kinachomkumbusha, mwili umekaa macho muda wote kama hatari iko mlangoni, hasira, kujilaumu, na nyumba inaanza kuyumba, hapo ni ugonjwa unaojulikana na una matibabu yake. Wanaita msongo wa baada ya kiwewe, na madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza rasmi kwenye mwongozo wao mwaka 1980, baada ya kuona wanajeshi waliotoka vita vya Vietnam. Mumeo mwezi ameshaupita zamani.

Na hiyo ya migebuka wala usione ni visa. Kumbukumbu ya kawaida inakuja na siku yake, unajua hili ni la mwaka jana. Hii inakuja haina tarehe, harufu inaingia puani na mwili unaamini yuko majini tena saa hiihii, kwahiyo anatoka mbio. Usimpikie kwa sasa, lakini pia usimwahidi kwamba nyumba haitakula samaki tena, kwasababu kukwepa ndo kunakoufanya ugonjwa ukae, na sehemu ya tiba yenyewe ni kurudi pole pole kwenye vitu anavyoviogopa akiwa na mtu anayejua anachofanya.

Tiba yenyewe ni mazungumzo lakini sio ya kupiga stori. Mshauri nasaha au mwanasaikolojia aliyesomea kiwewe anakaa nae vikao kama 8 mpaka 12, anamfundisha kwanza kutuliza mwili, afu wanaliendea lile tukio kidogo kidogo kwa mpangilio, mwanzo, katikati na mwisho, na wanayashughulikia mawazo kama "ningefika mapema yule mtoto angepona". Hilo wazo la mwisho ndo linawamaliza waokoaji wengi, kuliko hata miili yenyewe. Ipo pia njia nyingine ambayo mgonjwa anakumbuka huku macho yake yakifuata mkono wa mtaalamu kulia na kushoto, nayo imefanyiwa utafiti na inasaidia. Kuna dawa za sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka, ambazo daktari anaweza kuongezea. Ila usikimbilie duka la dawa ukamnunulie vidonge vya usingizi: dawa za jamii ya diazepamu haziondoi kiwewe, mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba hata mwezi wa kwanza wasipewe watu kwa ajili hiyo, na zikichanganywa na pombe zinaweza kuua. Pombe nayo inamlaza lakini usingizi wake ni wa juujuu, akiamka saa tisa ndoto zinamsubiri.

Mama mkwe usigombane nae. Dua na sala zina nafasi yake, mume akipata utulivu kwa shehe au mchungaji ni heri, mwambie mama "tutafanya hilo na hospitali pia". Nisichokubali ni kumfungia mtu sehemu, kumfungisha chakula au kumchanja, hapo simama imara.

Jambo moja la haraka. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Watu wanaogopa kwamba ukiuliza utampa wazo, sio kweli, wengi wanapumua kwa kuulizwa. Akisema ndiyo usimwache peke yake, dawa na sumu za shambani zitoke ndani, na siku hiyohiyo mwende hospitali, mkiwa mjini hospitali ya Maweni iko karibu.

SWALI: Anti habari. Mimi ni kiongozi wa kikundi cha kujitolea cha uokoaji huku ziwani. Mkubwa wetu anataka kila baada ya ajali tukae duara na kila mtu lazima aeleze alichokiona, anasema ndo kutoa sumu. Baadhi ya vijana hawaji tena. Ni sawa? (Kiongozi, Ujiji)

JIBU: Nia yake njema ila hiyo lazima iondoeni. Mtindo huo ulitoka Marekani, Jeffrey Mitchell aliandika juu yake mwaka 1983 kwa ajili ya watu wa zimamoto na ambulansi, ukasambaa dunia nzima. Baadae watafiti walipokusanya majaribio, kufikia 2002 ikaonekana kikao kimoja cha kumtaka kila mtu asimulie hakizuii ugonjwa, na baadhi ya watu waliumia zaidi. Kijana ambaye yeye alibaki ufukweni anasikilizishwa ya mwenzake aliyeshika maiti, umemsaidia nini hapo?

Fanyeni hivi. Wakitoka majini wapate chai, chakula, nguo kavu na mtu wa kuwarudisha nyumbani. Waliobeba miili wabadilishwe, asiwe yuleyule kila siku kwasababu "yeye ana moyo", huyo mwenye moyo ndo mnammaliza. Funikeni nyuso za marehemu mapema, na asiyehusika asiitwe kuangalia. Anayetaka kuongea aongee na mwenzake anayemwamini, asiyetaka aachwe ila asipotezewe, mtu mzima wa kikundi awapitie mmoja mmoja baada ya siku chache na tena baada ya mwezi, aulize usingizi, pombe, hasira. Hiyo ya mwezi ndo mnaisahau sana. Na kabla ya ajali, kwenye mafunzo, waambieni vijana haya yanaweza kuwapata, ili yakija wasidhani wamekuwa vichaa.

SWALI: Mimi ni mvuvi wa dagaa Katonga. Siku ile boti ilipozama sisi ndo tulifika kwanza. Sijasomea uokoaji, je hiyo ya kwenda kwa mshauri nasaha inanihusu? Naona aibu. (Mvuvi)

JIBU: Inakuhusu mwanangu. Ndege ilipoangukia Ziwa Victoria pale Bukoba, Novemba 2022, wavuvi walifika kwanza, na kwetu ziwani ni hivyohivyo miaka yote. Kiwewe hakiangalii sare. Wala usidhani ni mpaka profesa, kule Nakivale Uganda wakimbizi wa kawaida walipewa mafunzo ya kuwasaidia wakimbizi wenzao kusimulia maisha yao yote kwa mpangilio, na waliosaidiwa walipata nafuu, matokeo yakachapishwa 2008.

Nenda hospitali wakati wa mbalamwezi ambapo hamuingii kuvua, ili usipoteze kipato. Pale mapokezi usiseme tu "kichwa kinauma" maana utapewa panado urudi nyumbani. Sema: "Nilitoa watu ziwani, tangu siku hiyo silali, naomba kumwona mtu wa afya ya akili au ustawi wa jamii." Kama unaona aibu nenda na mwenzako wa mtumbwini, yeye nae alikuwepo.