Unakuja Korea? Usisubiri mtu apige kelele ndo ujue kakasirika

Wadau mnaokuja Korea Kusini kusoma au kupiga kazi, kila siku mnaniuliza baridi na misosi, hivyo mtazoea bana. Kinachochosha akili ni kujua kama mtu kanuna au hajanuna. Huku hasira inashuka toka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, haipandi. Bosi au profesa anaweza kukufokea mbele za watu na wengi wasishtuke, ila mdogo kumkunjia sura mkubwa ni kesi, yani shikamoo zetu cha mtoto.

Kwahiyo mwenzako wa rika lako au wa chini yako hasemi. Utaona tu mesej zake zimekuwa fupi, mlishazoea kuongea kishkaji ghafla karudi kwenye lugha ya heshima, ukimuomba kitu anavuta pumzi anasema itakuwa ngumu kidogo. Hiyo ni hapana, usimrudie kesho. Mimi simuulizi mtu kanuna nini mbele ya wenzake, nangoja hoesik, ule mtoko wa kazini wa nyama ya kuchoma na soju, pombe yao ya huku, glasi zikishazunguka watu wanatoa ya moyoni na asubuhi hamna anayekumbushia. Kama hunywi agiza soda, ila usiondoke mapema. (Watu wa pwani hamtashangaa sana, nyie hasira mnazivaa kwenye kanga.)

Sasa kumeza kuna gharama na wenyewe wanaijua. Kuna ugonjwa wanauita hwabyung, hasira zilizolundikana miaka na miaka, mwili unawaka joto, kifua kinabana, kooni kama kuna donge, na wanaosumbuka zaidi ni akina mama wa makamo waliovumilia waume na wakwe. Hadi madaktari wa akili wa Marekani waliutaja kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili cha mwaka 1994. Mama mwenye nyumba wangu akianza stori za mama mkwe wake anajipigapiga kifua, mi nikajua kiungulia. Siku hizi mtu akilalamika kifua au tumbo simpi panadol tu, namuuliza kala nini, kalala saa ngapi, nakaa naye, mengine yanakuja yenyewe.

Na wewe ukizidiwa usijikaze eti ndo utamaduni wa huku. Vyuo vingi vina ofisi ya ushauri nasaha, ulizia mapema kabla mambo hayajachacha. Kama umefika pa kuwaza kujidhuru, tangu Januari 2024 namba ya kupiga kuomba msaada ni 109, usiku na mchana, na kama Kikorea bado kinakupiga chenga mwite mshkaji anayekijua akusaidie kuongea.