Nyie mnaoanza kununua renjifainda za zamani, punguzeni haraka

Jamani nimevumilia nimeshindwa. Kwa asiyejua, renjifainda ni kamera ambayo fokasi unailenga kwa kulinganisha picha mbili kwenye kidirisha, si kwa kutazama kupitia lenzi. Juzi tena kijana kanitumia picha ya "Leica", ile kamera ya Kijerumani ya bei mbaya, ya rangi ya dhahabu, ngozi nyekundu, juu kachongwa tai wa jeshi la anga la Ujerumani, anauliza kama ameokota dodo chini ya mwarobaini. Keshalipa tayari. Wote mnakuja kuuliza mkiwa mmeshalipa, sijui nani aliwafundisha huo utaratibu. Basi ngoja niyaandike yote kwa pamoja, nikiulizwa tena nimpe mtu asome na mimi nipumzike.

1. Leica ya dhahabu yenye nembo ya jeshi. Mdogo wangu, hiyo ni FED au Zorki, kamera za Kisovieti, imevalishwa suti. FED ilianza kutengenezwa Kharkov mwaka 1934, Zorki ikaja 1948 kule Krasnogorsk, na zote mbili zilikopi Leica II ya 1932, kwa hiyo mtu anayetaka kudanganya kazi yake ni ndogo tu, anasaga maandishi ya Kirusi anachonga mengine. Fungua lenzi, chungulia ndani upande wa juu, kuna mkono mdogo unaosukumwa na lenzi ili kuendesha mtambo wa renjifainda. Leica ncha yake ina kigurudumu kinachozunguka. FED na Zorki mara nyingi ina kipande kimoja cha chuma chenye umbo la kabari. Muuzaji akikataa kukutumia picha ya hapo ndani, jibu umeshapata. Na msinielewe vibaya, Zorki ni kamera nzuri tu, ninayo na ninaipenda, ila niliinunua kwa bei ya Zorki.

2. "Haijajaribiwa." Hili neno linanichekesha kila siku. Shata (pazia linalofunguka kupitisha mwanga) ya kamera isiyotumia betri unaijaribu kwa kidole, huhitaji filamu, huhitaji lenzi, vuta wenzo wa kusogeza filamu, bonyeza, sikiliza, sekunde tano umemaliza. Sasa mtu ana kamera arobaini anauza, zote kapiga picha pembe kumi na mbili na mwanga mzuri, halafu hiyo moja ndiyo "haijajaribiwa"? Imejaribiwa hiyo, ikagoma. Mwenzake ni "mimi si mtaalamu wa kamera" na binamu yao ni "shata inalia vizuri". Kulia inalia, lakini kasi za chini je? Weka sekunde moja usikilize. Kwenye kamera iliyokaa kabatini miaka mingi grisi imeganda, kwa hiyo 1/500 italia hivyo hivyo tu, na kwenye sekunde moja ndipo inazirai katikati ya safari. Omba video, kasi zote, kuanzia ya chini. Muuzaji mzuri hakasiriki.

3. Ukungu ndani ya lenzi. Hapa kaeni vizuri maana hapa ndipo nilipolipia ada.

Mulika tochi ya simu kutokea nyuma ya lenzi, apacha (tundu la kupitishia mwanga) imefunguka yote. Vumbi liache, kila lenzi ya zamani inalo. Nyuzi nyuzi za fangasi, aga uondoke, labda uwe unainunua kwa ajili ya spea. Utando mweupe uliotanda, huo ndio ukungu, na mara nyingi unatokana na grisi na oili ya zamani iliyopanda ikatua kwenye vioo vya ndani. Ukiwahiwa unafutika. Usipowahiwa unakula mpako (ile rangi nyembamba iliyopakwa kiwandani juu ya kioo), kisha unakula kioo chenyewe, na hapo futa na chochote unachotaka hautoki. Ubaya ni kwamba kwenye picha za muuzaji ukungu unaofutika na usiofutika ni sura moja.

Sasa miaka hiyo mimi nilijiona nimeiva. Nikaona Jupiter-3, ile 50mm f/1.5 ya Kirusi iliyotokana na Sonnar ya Zeiss, bei ya chini mno, maelezo yanasema "ukungu kidogo, fundi yeyote anaufuta". Nikajiambia fundi yeyote ni mimi. Nilikuwa nimeangalia video, nimenunua spana ya lenzi, nina kitambaa, nina dawa ya vioo, yaani kichwani nilikuwa nimeshafungua karakana. Lenzi ikaja, nikaifungua usiku huohuo, mezani, taa moja, na jambo la kwanza nililofanya ni kuzungusha helikoidi (zile nyuzi za skrubu zinazosogeza lenzi kwa fokasi) mpaka ikaachana bila kuweka alama ilipoachania. Mnaojua mmeshaanza kucheka. Kwa msiojua, zile nyuzi za helikoidi zina sehemu nyingi za kuingilia, ukikosea kuingia unaweza kuifunga yote mpaka mwisho ukaridhika kabisa, na lenzi haitafika infiniti (fokasi ya vitu vya mbali kabisa) maisha yake yote. Penseli ingetosha. Penseli ilikuwepo pale mezani!

La pili, kati ya kifurushi cha vioo na helikoidi kuna kipete chembamba sana, chembamba kiasi kwamba unadhani ni takataka, na unene wake ndio unaoamua fokasi iangukie wapi. Kiwandani walikuwa wanachagua unene kwa kila lenzi. Mimi nadhani kiling'ang'ania kwenye kitambaa, na kitambaa nilikikung'utia dirishani. La tatu ni ukungu wenyewe, ambao haukutoka, na mimi badala ya kusimama nikaongeza nguvu, nikasugua nikasugua mpaka nikaona pale katikati rangi ya mpako imehama, pamebaki kipara.

Nikairudishia. Nikajaribu njia za kuingilia moja baada ya nyingine mpaka nikapata inayoelekea kukaa vizuri kwa macho, nikatazama mnara wa mbali, kiraka cha renjifainda (ile picha ndogo ya pili kidirishani) hakilingani. Hapa sasa msikilize akili ya mtu aliyejiona fundi. Badala ya kusema lenzi nimeiharibu, nikasema bodi, yaani kamera yenyewe, imepotea adjasti. Bodi ambayo ilikuwa sahihi kabisa! Nikatoa kiskrubu cha mbele, nikageuza, nikageuza, mpaka mnara ukalingana, nikalala usingizi mzito. Mwisho wa juma nikaenda kupiga harusi ya rafiki yangu, f/1.5 ndani ya ukumbi, kila picha nimelenga macho ya bibi harusi. Filamu kusafishwa, bibi harusi laini kabisa, yuko ndotoni, na nyuma yake shangazi fulani anakunywa soda unaweza kumhesabu kope. Roll nzima. Bwana harusi alikuwa mstaarabu, akasema picha zina hisia.

Na haikuishia hapo, maana nikarudi kwenye Elmar, lenzi yangu ya Leica ya siku zote ambayo haijawahi kunikosea, nayo ikaanza kukosea, Industar ya Kirusi nayo ikakosea, nikaamini nina bahati mbaya ya lenzi, nikakaribia kuiuza ile Elmar kwa bei ya hasara. Mwishowe nikapeleka kila kitu kwa fundi wa kweli. Akatazama bodi, akatazama Jupiter, akauliza, "Kipete kiko wapi?" Kimya. Kulipia bodi irudishwe ilipokuwa, na lenzi itengenezewe kipete kipya, kulizidi bei ya Jupiter-3 safi isiyo na ukungu niliyokuwa nimeiona siku ileile nikaiacha kwa sababu ni ghali. Kipara kipo mpaka leo. Ukipiga kuelekea kwenye taa picha inakuwa maziwa.

Kwa hiyo mkiniuliza "kaka hii ina ukungu kidogo ninunue?" na mimi najibu kwa ukali, msidhani nawachukia. Canon 50mm f/1.8 ya M39 (skrubu ya lenzi za Leica za zamani) inajulikana kwa ukungu unaokula kioo karibu na apacha, kwa lenzi za Leica, Summarit f/1.5 na Summicron ya kukunjika ya miaka ya 50 mipako yake ni laini na ukungu ni ugonjwa wake, Summar ya kabla ya vita kioo chake cha mbele ni laini kiasi kwamba kupata isiyo na mikwaruzo ni kazi. Zitazameni kwa tochi kwanza, mapenzi baadaye.

4. Hata Jupiter nzima, isiyoguswa na mtu kama mimi, inaweza kukukosea fokasi kwenye Leica ukipiga kitu cha karibu, apacha ikiwa wazi, kwa sababu Warusi walifuata kipimo cha Contax, kamera ya Zeiss, na si cha Leica. Ukifunga apacha kidogo au ukipiga mbali huoni kitu. Msiilaumu bodi, na kile kiskrubu cha mbele msikiguse!

5. Ya haraka haraka. Lenzi ya M39 inaingia kwenye bodi ya M (Leica za kuanzia M3) kwa adapta ya milimita moja, kinyume chake haiwezekani, msilazimishe. Kiev (kamera ya Kisovieti) nyingi na lenzi nyingi za Kirusi, tarakimu mbili za mwanzo za namba ni mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo Kiev "ya 1955" inayoanza na 78 mwachie mwenyewe. Lenzi ya Jupiter-12 kioo chake cha nyuma kinaingia ndani sana, msiikaribishe kwenye Leica CL au M5 ambazo mita yake (kipima mwanga) iko kwenye mkono mbele ya shata. Mita za selenium kama ya Canon 7 zichukulieni ni pambo, ikifanya kazi mshukuru. Mapazia ya shata ya chuma ya Canon yakiwa na mikunjo siyo kilema, mkunjo hauvujishi mwanga. Begi la ngozi lililokuja na kamera ni zuri kwa kutazama, kamera isikae humo, linatunza unyevu na fangasi wanapenda.

6. Leica M3. Kila mtu anaitaka, sawa, ya 1954 na viufainda (kidirisha cha kutazamia) yake ya ukuzaji wa 0.91 mimi sijaona nyingine ya kuishinda kwa 50mm. Lakini mnainunua halafu mnatafuta lenzi ya 35mm! Fremu zake (mistari kidirishani inayoonyesha picha inaishia wapi) ni za 50, 90 na 135, basi. Mpenzi wa 35 nunua M2, ina 35, 50 na 90. Halafu kwa zote mbili muulizeni muuzaji kama spuli ya kupokelea filamu ipo, maana inachomoka na watu wanaipoteza, na kuna ndugu yetu alikaa na M2 yake mwezi mzima akiitazama tu kwa kukosa kipande hicho. Tukisema ukweli alikuwa anaipiga piga bila filamu kila jioni akisikiliza shata, anasema inamtuliza. Simhukumu.

7. Zorki na FED: VUTA KWANZA, HALAFU NDIYO UBADILISHE KASI. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Kwenye Zorki zenye kasi za chini, kama Zorki-4, ukizungusha kabla ya kuvuta unaweza kuharibu mtambo wa kasi. Ukiwa umesimama mbele ya muuzaji na umeona yeye mwenyewe anazungusha kabla ya kuvuta, mshukuru, irudishe mezani.

8. Zile zenye lenzi isiyotoka, za kuanzia. Yashica Electro 35, ukivuta wenzo lazima usikie "kloki" ndani, usiposikia ujue kile kipira cha ndani kimekwisha na mwanga utakosewa. Canonet QL17 ilitengenezewa betri ya zebaki ya 1.35V ambayo haitengenezwi tena, ukiweka ya 1.5V mita inakudanganya, tumia zile za vifaa vya kusikia. Sponji za mlangoni zote zimekuwa lami, hesabu kubadilisha.

9. Renjifainda haina kioo cha kukinga shata, lenzi ikilielekea jua na fokasi iko infiniti, pazia la kitambaa linatobolewa tundu, kabisa kabisa, kama mlivyokuwa mnachoma karatasi na lenzi utotoni. Ndiyo maana kabla ya kununua mnaomba picha ya pazia limemulikwa na tochi kwa nyuma, lenzi imetolewa, chumba giza. Kitundu kimoja kinatoa doa jeupe kwenye picha, na kila roll lipo. Kijana mmoja kaniambia doa lake ni "tabia ya lenzi". Sikubishana.

10. Roll ya kwanza siyo ya sanaa. Muuzaji kakupa siku za kurudisha, zitumie, piga filamu siku hiyohiyo kamera ilipofika: kasi zote mara moja moja, infiniti, mita tatu, mita moja, apacha wazi, na andika kila fremu umefanya nini kwa sababu hutakumbuka. Leica za skrubu ulimi wa filamu ukatwe mrefu, kama sentimita kumi, usipokata filamu inaweza kukwama ndani na vipande vyake viingie kwenye shata. Na unapovuta fremu za mwanzo angalia kitasa cha kurudishia filamu, kizunguke kinyume. Kisipozunguka filamu haijashika, unapiga hewa, fungua upakie upya kabla hujanitumia ujumbe saa sita usiku kwamba umeuziwa kamera mbovu.