Dada, toa laini kwanza kabla hujampa hiyo simu

Umeuliza faida na hasara za simu janja kwa kijana wa kidato cha tatu, na saa ngapi aizime usiku. Mimi nimekwama pale uliposema utampa simu yako ya zamani "na laini yake humo humo, nisihangaike kusajili nyingine". Usithubutu! Nilifanya hivyo hivyo kwa mwanangu likizo ya Juni 2023.

Laini ile ilikuwa ya dukani, ina pesa ya mzigo. Fundi aliyenibadilishia kioo akaniambia, "Mpe tu, bila namba ya siri atafanya nini?" Hadi leo nikipita kijiweni kwake damu inachemka. Mtoto unayemtuma kwa wakala tangu yuko darasa la tano, namba ya siri ataacha kuijua?

Alianza kubeti mechi kwa mia tano mia tano. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18, lakini laini imesajiliwa kwa kitambulisho changu cha taifa (NIDA) na alama za vidole vyangu, kwa hiyo aliyeonekana anabeti ni mimi. Wiki tatu, laki nne na themanini zimekwisha. Kwa hofu akapakua programu ya mikopo ili arudishe kabla sijajua, na ilipomwomba ruhusa ya kusoma majina ya kwenye simu, akakubali. Deni lilipochelewa wakaandikiwa wote: shemeji yangu, mwenyekiti wa kikoba, mpaka mteja wangu wa jumla, kwamba mimi ni tapeli. Benki Kuu ya Tanzania ilikuja kupiga marufuku programu 69 za namna hiyo Novemba 2024. Mimi nilikuwa nimeshalipa, na yule mteja hajarudi mpaka leo.

Mwanangu si mwizi. Alikuwa na miaka kumi na sita, na mimi ndiye niliyemkabidhi sanduku la pesa na ufunguo wake.

Faida zipo, mitihani ya nyuma ya Baraza la Mitihani (NECTA) anaipata humo bure. Ila laini, dada! Msajilie nyingine, wakatalie kukufungulia akaunti ya pesa, iwe ya bando tu. Yako itoe, badilisha namba ya siri, na kwa wakala nenda mwenyewe. Kama ameshaanza kuitumia, acha kusoma hapa, chukua hiyo simu uangalie miamala ya mwezi huu.