Barua kwa mwanangu: kwa nini Santa Sabina halikujengwa kama hekalu

Mwanangu, meseji yako nimeipata. Unauliza kwa nini hilo kanisa la Santa Sabina uliloingia huko Roma kwa nje ni matofali matupu, halina hata nguzo za mbele kama mahekalu ya kale, na kwa nini linaitwa basilika.

Hekalu la Warumi lilikuwa nyumba ya sanamu ya mungu wao, watu wanabaki nje, madhabahu iko nje, sadaka inachinjwa nje, kwa hiyo na urembo wakauweka nje. Wakristo wao wanakusanyika ndani, wanasomewa Maandiko, wanashiriki ekaristi, walitaka ukumbi mkubwa, na ukumbi wa hivyo mjini ulishakuwepo, ndo hiyo basilika, jengo la kusikilizia kesi na kufanyia biashara. Wakachukua umbo hilo. Ile nusu duara ya mwisho alikokuwa anakaa hakimu ikawa ya askofu na mapadri.

Sasa mimi fundi wa kenchi nakwambia angalia paa. Kuta hazibebi kuba la mawe, zinabeba mbao tu, ndo maana waliweza kutoboa madirisha makubwa kule juu safu nzima na mwanga ukajaa mpaka chini kwenye zile nguzo 24 za marumaru, zote za aina moja, walizozitoa kwenye jengo la kale zaidi.

Na walianza mwaka 422 baada ya Kristo, miaka 12 tu tangu Alaric, mfalme wa Wagothi, na watu wake waipore Roma! Mjengaji ni padri Petro wa Iliria, yaani eneo la Balkani, enzi za Papa Celestino I. Geuka nyuma ukiwa ndani, juu ya mlango kuna herufi za dhahabu kwenye mozaiki ya bluu, ile picha ya vipande vidogo vya rangi, zinasema alikuwa tajiri kwa maskini, kwake mwenyewe maskini. Pembeni wanawake wawili, mmoja ni Kanisa la waliotoka Uyahudi, mwingine la mataifa, yaani wasio Wayahudi, na sisi tumo kwa huyo wa pili.

Halafu mlango wenyewe, mbao ya mti wa saipresi ya karne ya 5, paneli 18 za picha za kuchonga bado zipo. Juu kabisa kushoto kuna ndogo, Yesu katikati ya wanyang'anyi wawili, mikono kanyoosha, msalaba hata hauonekani vizuri, nayo ni kati ya picha za kusulubiwa za zamani kuliko zote zilizobaki duniani. Ukirudi nipigie picha ya karibu, na fremu yake pia, nataka kuona mbao walivyoziunga.

Baba yako