Jina kwanza, miezi baadaye

Salim mwanangu,

Salamu zako na za Rehema zimefika. Umeniuliza miezi yako ya GI Bill, yale mafao ya elimu ya askari wa Marekani, umpe mkeo Rehema asomee uuguzi sasa, au umwekee binti yenu Zuhura. Nitakujibu, lakini swali la kwanza si umpe nani, ni uhamishe lini. Umeshatimiza miaka saba jeshini. Sharti ni sita, pamoja na ahadi ya kutumikia minne mingine ukiomba. Kadiri unavyokaa ukipima huyu na yule, ile minne nayo inasogea mbele. Andika majina yote mawili wiki hii. Jina kwanza, miezi baadaye.

Mtu akishavua sare hawezi kuongeza jina jipya. Anachoweza ni kupunguza hapa na kuongeza pale, kwa wale tu aliowaandika akiwa bado kazini, hata kama alimpa mtu mwezi mmoja. Kwa hiyo kila mmoja apate angalau mmoja. Na huyo aliye njiani akizaliwa salama inshallah, mwandikishe DEERS, daftari la jeshi la familia za askari, mara tu upatapo cheti chake, kisha rudi umpe wake.

Hapo ndipo mjomba wako alipojikwaa. Unaijua habari ya Hamisi, ila nadhani unaijua nusu. Alimwandika bintiye Asha peke yake, miezi yote 36. Mwanahawa, binti yake wa kambo, alikuwa ameshafika Killeen kule Texas na mamake, analala chumba kimoja na Asha, lakini DEERS hayumo. Kilichotakiwa ni cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, na fomu ya DD 1172-2 yenye saini ya Hamisi. Vyeti vyote viwili vilikuwa ndani ya bahasha ya kaki juu ya friji, nami niliiona kila nilipokwenda kuchukua maji. Hamisi akanijibu, "Bado yuko darasa la nne, dada, haraka ya nini?" Akastaafu. Asha akatumia miezi 20, akaolewa, akasema inamtosha. Ikabaki 16, na Mwanahawa hakuweza kupewa hata mmoja. Hamisi akairudisha kwake, akaenda kusomea ufundi wa viyoyozi na mvi zake, kati ya vijana. Mwanahawa analipa mkopo wa chuo mpaka leo. Watu walisema ni kwa sababu mtoto si wa kumzaa. Sikubali, Hamisi alimlea yule. Lakini mbona cheti cha Asha hakikukaa juu ya friji hata siku mbili? Haya, tuyaache.

Ingia milConnect, tovuti ya jeshi, kwa kadi yako ya kazi, ile CAC, fungua sehemu ya mafao, kisha ya kuhamisha mafao ya elimu. Majina hutokea yenyewe kutoka DEERS. Lisipotokea, kasoro iko DEERS, usihangaike na tovuti. Chagua Post-9/11 GI Bill, jaza miezi mbele ya kila jina, weka alama kwenye kila tamko, tuma. Wengi huishia hapo wakadhani wamemaliza, na kutuma si kukubaliwa. Kinachoangusha maombi mengi ni mkataba: ukiwa umebakiza miaka miwili, hiyo minne unaiahidi kutoka wapi? Muone kwanza msimamizi wa mikataba wa kikosi chako, uongeze muda, ndipo utume. Kisha rudi uangalie. Likikubaliwa, chapisha barua yenye tarehe, uitunze. Ukitoka kabla kwa hiari yako, fedha zilizokwisha kulipwa zinageuka deni, na anayedaiwa ni wewe.

Rehema anaweza kuanza mara likikubaliwa. Yeye mwenyewe atajaza fomu 22-1990e kwa VA, idara ya maveterani, apewe cheti cha kustahili, akipeleke chuoni. Ila wewe ukiwa kazini hapati posho ya nyumba, ni ada na vitabu tu, vitabu visizidi dola 1,000 kwa mwaka. Mtoto hiyo posho huipata hata mzazi akiwa bado kazini, lakini hagusi kitu mpaka wewe utimize miaka 10, naye awe amefika 18 au amemaliza sekondari. Akitimiza 26, basi tena.

Na miezi huliwa kwa muda, si kwa dola. Mwaka wa chuo cha jamii chenye ada ndogo unakula miezi tisa ile ile ya chuo kikuu. Kama Rehema anaanzia huko, kwa nini asichukue MyCAA kwanza, ule msaada wa masomo kwa wenzi wa askari? Cheo chako kinamruhusu, ni hadi dola 4,000 za ada, na miezi yako haiguswi.

Lakini tena, Zuhura ana miaka mitatu. Kumwekea mtoto kitu miaka 15, wakati mama yake angekigeuza mshahara wa muuguzi kabla hata binti hajamaliza shule ya msingi? Tena huenda asitake chuo kabisa. Halafu nikifikiria mkopo wa Mwanahawa, narudi nilikotoka. Babako ananiambia nyumba ni yenu wawili, ninyamaze. Nanyamaza, japo ulimi unawasha.

Wala usiogope kumwandika mkeo, nisije nikasingiziwa mambo ya mama mkwe. Kisheria miezi hii si mali ya ndoa ya kugawanywa. Mkiachana, Mungu apishe mbali, ambayo hajaitumia unaweza kuirudisha. Iliyotumika haina marejesho, hiyo ijueni nyote wawili mapema. Jina kwanza.

Nipigie Jumapili. Uwe na tarehe ya mwisho wa mkataba wako, na ada ya muhula ya hicho chuo anachokitaka Rehema.

Mamako