Kabla hujajumlisha nyota za kikosi

Wewe unayeanza kuchambua futiboli ya Kimarekani (si kandanda) inayochezwa vyuoni, nakuonya mapema: utafungua orodha ya vijana waliosajiliwa, ujumlishe nyota zao, yaani viwango vya kipaji walivyopewa na maskauti, 5 ikiwa juu kabisa, halafu utangaze bingwa. Nilifanya hivyohivyo mwaka 2022. Texas A&M walikuwa wamesajili kundi lililovunja rekodi ya alama za 247Sports, tovuti inayopima vijana wanaosajiliwa, nami nikawaandikia wenzangu kwamba msimu huo ni wao. Walishinda mechi 5, wakapoteza 7. Kuna rafiki yangu mpaka leo akinipigia simu huanza na "tano saba".

Kilichoniponza ni umri. Nyota hutolewa kijana akiwa bado sekondari, na maskauti wanakisia atakakofika. Mtu wa mstari wa mbele huhitaji miaka miwili au mitatu ya kula vizuri na kunyanyua vyuma ndipo aweze kumzuia mwanamume wa miaka 22. Kwa hiyo siku hizi mgeni wa mwaka wa kwanza nampunguzia alama, na wa mstari wa mbele nampunguzia zaidi.

Usije ukaenda upande wa pili ukasema nyota ni porojo. Bud Elliott, mwandishi wa michezo, ana kipimo rahisi: chukua wote waliosajiliwa kwa miaka minne, uangalie asilimia ngapi walikuwa na nyota 4 au 5. Kwa miaka mingi bingwa alikuwa chuo kilichovuka asilimia 50. TCU, chuo cha Texas, walifika fainali ya msimu wa 2022 wakiwa chini sana ya hapo, wakakutana na Georgia. 65 kwa 7. Kipindi cha pili mimi nilikuwa nakunja nguo.

Shida ya kipimo hicho ni kwamba kinahesabu waliosaini, na kusaini si kubaki. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo na kucheza papo hapo, hivyo orodha ya miaka minne nyuma imejaa majina yaliyokwisha ondoka. Pitia kikosi cha Agosti, msimu unapokaribia kuanza, jina kwa jina. Ni kazi ya kuchosha, na hapo ndipo wengi hukata kona. Aliyehamia kutoka chuo kingine usimpime kwa nyota za sekondari. Tazama alianza mechi ngapi na dhidi ya nani. Cam Ward hakuwa na nyota hata moja alipomaliza sekondari. Alipitia Incarnate Word, kisha Washington State, kisha Miami, na mwaka 2025 akawa wa kwanza kuchaguliwa na timu za NFL, ligi ya kulipwa. Jedwali lililomwandikia sifuri lilikuwa na kasoro, si yeye.

Jambo jingine: tumia alama za desimali (mfano 0.95) ambazo tovuti kama 247Sports humpa kila kijana, usitumie nyota. Wa nyota 5 ni kama 32 tu kwa mwaka, lakini wa nyota 4 ni mamia, na wa juu kabisa hafanani na wa chini.

Halafu wastani wa kikosi kizima unadanganya. Watu hupenda kunitajia Stetson Bennett, mrushaji (quarterback) wa Georgia aliyejiunga bila ufadhili wa masomo akatwaa ubingwa misimu ya 2021 na 2022. Sawa, lakini watu 5 wa ulinzi wa kikosi kile cha 2021 walichaguliwa raundi ya kwanza ya NFL mwaka 2022! Gawa hesabu kwa nafasi: mrushaji peke yake, mistari ya mbele peke yake, na katika kila nafasi watenge wanaoanza na wa akiba. Kocha msaidizi mmoja aliwahi kunirudishia ripoti yangu yenye wastani mzuri, akauliza swali moja tu: "Wazuiaji wako wazima ni wangapi?" Walikuwa wanne. Wanaoanza ni watano.

Jedwali la Agosti likikamilika, lifunge usiliguse tena. Fungua jingine kwa marekebisho ya katikati ya msimu, maana ifikapo Januari utashawishika kuamini kwamba ulijua tangu mwanzo.