Maswali yenu ya Hay Day: ghala limejaa, derby imetibuka, ngano imeisha

Haya wakulima wa kwenye simu, maswali yamekuwa mengi wiki hii na karibu yote ni ya Hay Day, lile gemu la shamba la Wafini wa Supercell, lipo tangu 2012 na mpaka leo kuna watu wazima na familia zao wanaamka saa nane usiku kulisha kuku. Mi nimo humo miaka mingi kwahiyo najibu kwa niliyoyapitia. Neno ghala nitalirudia mpaka mnichoke.

Kaka, ghala langu linajaa kila siku, nashindwa hata kuokota mayai. Niko leveli 21. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

Pole mdogo wangu, hilo ndo gemu lenyewe, hayo mengine mapambo. Unavyo vitu viwili, kihenge cha mazao na ghala la bidhaa, na vyote vinaanza na nafasi 50 tu. Ghala unalipanua kwa bolti, mbao na tepu, kihenge kinataka misumari, skrubu na paneli za mbao, na kila ukipanua raundi inayofuata inataka vingi zaidi. Kuvinunua kwa almasi, ile pesa adimu ya gemu, ni kujiumiza. Vinadondoka kwa bahati ukivuna, sasa kama ni bahati basi cheza mara nyingi, na zao la haraka kuliko yote ni ngano, dakika mbili imeiva.

Mi nafanya hivi: nikipata siti kwenye daladala asubuhi, napanda ngano mashamba yote, nasubiri dakika mbili, napitisha kidole navuna, napanda tena, kutoka Mbezi mpaka Kariakoo na ile foleni yake nakuwa nimezungusha mara kumi na kitu. Siku nyingine natoka na bolti mbili na mbao moja, siku nyingine mikono mitupu, kondakta ananidai nauli hata sijamsikia. Ngano inayozidi naiweka kwenye genge la barabarani kumi kumi kwa sarafu moja, natangaza kwenye gazeti la humo humo gemuni, kufumba na kufumbua imeondoka. Usiione hasara, unachouza pale ni nafasi.

Halafu fungua ghala lako uangalie vizuri. Naweka dau utakuta vifaa vya kusafishia shamba, baruti ishirini, shoka kumi na tano, na tepu arobaini wakati bolti unazo mbili. Hivyo vyote vinakula nafasi! Tepu zilizozidi tafuta jirani mwenye bolti mbadilishane moja kwa moja, ye anaweka gengeni unanunua, nawe unaweka ananunua, ila muwe mmepatana kabisa na wote mko hewani, vinginevyo mpita njia anazibeba. Na usikimbilie kuvuna kila kilichoiva, mazao ya Hay Day hayaozi shambani wala kuku hafi njaa, waache huko huko ndo stoo yako ya bure.

Nifanyeje nipande leveli haraka? Rafiki yangu ameshafika mji, mi bado. (Dada wa Tanga)

Dada yangu, haraka ya nini? Boti ya kujaza kreti za mizigo inakuja leveli 17, uvuvi 27, mji 34, na kila ukipanda leveli gemu linakuongezea bidhaa za kutengeneza, na lori la kupeleka oda za wateja nalo linaanza kukudai hizo hizo bidhaa mpya. Ukifika mji na ghala la nafasi 150 utalia, wale wageni wa mjini wanataka vitu usivyokuwa na pa kuviweka. Ukitaka kwenda mwendo mzuri acha kutii kila oda ya lori. Ile inayotaka keki nne kwa sarafu kiduchu itupe kwenye pipa la taka, ije nyingine. Watu wanaona aibu kutupa oda sijui kwanini, lori halikununii.

Kwenye derby wenzangu wananisema nafanya kazi za pointi ndogo. Si pointi ni pointi tu? (Msomaji, Nakuru)

Hapana, hapo wenzako wana haki. Derby ni mashindano ya kila wiki ya ujirani, yaani makundi ya wachezaji, inaanza Jumanne inaisha Jumatatu, na kila mtu ana idadi maalum ya kazi kulingana na ligi. Sasa ukichukua kazi ya pointi ndogo umeshamaliza nafasi moja ambayo mwenzako angeifanyia ile ya 320, na ujirani mzima unashuka kwa ajili yako. Kazi ndogo usiichukue, itupe, baada ya nusu saa inakuja nyingine pale pale. Na kabla hujagusa kazi yoyote hesabu muda, ukichukua ya boti huku huna hata kreti moja tayari, muda ukiisha imehesabika umeitumia na pointi hujapata. Mi niliwahi kuchukua kazi kubwa ya lori Ijumaa jioni, Jumamosi umeme ukakatika siku nzima simu ikazima, kurudi nikakuta kwenye gumzo la ujirani mtu kaniandikia "asante" peke yake, bila kitu kingine. Ile asante iliniuma kuliko tusi.

Kama wiki una mitihani au msiba, jitoe kwenye derby kabla haijaanza, kuna kitufe cha hivyo, hakuna atakayekulaumu.

Almasi nitumie wapi?

Kuongeza nafasi kwenye mashine, basi. Mashine yenye nafasi nyingi unaijaza usiku unalala zako. Kuharakisha mkate wa dakika tano kwa almasi ni sawa na kuchukua bodaboda kwenda chooni.

Kuna jamaa anasema ukimpa barua pepe na ile kodi, namba ya siri ya kuingilia, anakuingizia almasi elfu kumi. Ni kweli?

Anakuingizia wapi! Ile kodi ndo ufunguo wa Supercell ID yako, akaunti inayotunza shamba lako, ukimpa shamba limeenda na jina lake juu. Almasi za halali zinatoka kwa kupanda leveli, mafanikio, matangazo ya video, au ununue ndani ya gemu lenyewe. Mtu mwenye almasi elfu kumi hana shida na barua pepe yako.

Nimeuza ngano zote, shambani sina, kihengeni sina. Nimekwama, nianze upya? (Hakutaja anapotoka, sishangai)

Usianze upya. Fungua gazeti la gengeni, ngano haikosekani, wale wapanua ghala niliowataja juu wanaimwaga kumi kwa sarafu moja. Sarafu moja unayo lakini?